Mada Ambayo Wifi Hakuisikia

Wifi yangu hana haya na watu, hilo niliseme mapema. Mimi mteja akiniingilia dukani na kitambaa chake, namsubiri aseme mwenyewe shida yake. Yeye atakuvaa umeshika kikombe cha chai, mdomo umejaa mkate, akuulize saa nane unaingia kumsikiliza nani. Ukitaja tu, umekwisha. Atakwambia vizuri, si unaingia hata hivyo, basi kaa viti vya mbele, ukitoka niandikie kurasa mbili. Unajikuta umekubali kabla hujameza. Ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni yule mwanamke, na kwa miaka tisa aliyatumia kwa jambo moja tu: kutafuta watu wa kumwandikia bure.

Ngoja nieleze, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Wifi ni mkutubi wa chuo cha ufundi. Kila mwaka, kwa siku mbili, chuoni pale hukutana watu wa programu huria. Hizo ni programu za kompyuta ambazo aliyezitengeneza hafichi yaliyomo ndani. Anayetaka anayasoma, anarekebisha anachotaka, na jirani yake anampa. Mimi ni mshonaji, nikajielezea hivi: ni kumpa mteja gauni pamoja na karatasi uliyolikatia, ili akashone jingine mwenyewe. Nikamwambia wifi mshonaji wa namna hiyo atakufa njaa. Akacheka, akasema ndiyo maana wengi wao wana kazi nyingine.

Watu hao husimama mbele ya wenzao, kila mmoja na mada yake ya dakika arobaini, kisha wanarudi makwao na yaliyosemwa yanapotea hewani. Wifi hilo lilimuuma. Mwaka wa kwanza aliandika makala nne peke yake hadi vidole vikamvimba. Mwaka wa pili akaanza kuwinda watu. Alibandika nje ya ukumbi karatasi yenye upana wa kitanda, vyumba upande huu, saa upande ule, na kila mada ina kisanduku chake. Jina la mwandishi linaingia kwa penseli, makala ikifika linapigwa wino. Wakambandika jina la Mama Visanduku. Na mimi hakuniacha. Alinitia kwenye mada ya kuchora ramani, nami nikaandika nilichokielewa, kwamba mtoa mada alikuwa mpole na suruali yake ilikunjwa pindo na mtu mwenye haraka. Akaichapisha kwenye tovuti ya mkutano vilevile nilivyoiandika, bila kufuta hata neno. Sijamsamehe hadi leo.

Sharti lake lilikuwa moja, na kwa hilo hakuwa na utani: huandiki usichokisikia. Lakini kazi yao ina namna yake. Wiki moja kabla, mtoa mada huleta muhtasari wa atakayoyasema. Mwandishi anauchukua muhtasari huo na kuandika makala nzima mapema, wenyewe wanaiita kiunzi. Siku yenyewe anaingia chumbani na kiunzi chake, anasikiliza, anafuta yasiyosemwa, anaongeza yaliyosemwa. Jioni makala iko tayari, siku ya tatu watu wanaisoma wangali na hamu. Kwetu sisi washonaji ni kama kupiga bandi, zile nyuzi za muda za kuishikiza nguo kabla hujaipitisha kwenye cherehani. Nguo ya bandi haitoki dukani. Wifi aliwafundisha waandishi wapya kwa mfano huohuo, ila hakusema ameutoa kwa nani.

Tunaishi nyumba moja, mimi na yeye. Kaka yangu, yaani mumewe, ni dereva wa malori ya masafa, akiondoka ni wiki tatu, akirudi ni kulala. Cherehani yangu iko dirishani sebuleni, meza yake iko nyuma ya mgongo wangu, na tumezoea kugombana bila kugeuka.

Basi mwaka huo wa tisa mada zilikuwa sabini na mbili. Kisanduku kimoja kilikataa kujaa tangu mwanzo, cha Chumba namba Tatu, siku ya pili saa nne na nusu. Mtoa mada hakuwa mtu wa kujulikana. Alikuwa ametengeneza programu inayowasomea wasioona maandishi ya kwenye kompyuta, kwa sauti, kwa lugha yetu. Wifi akaona isiwe taabu, akajiandika mwenyewe. Kiunzi alikuwa amekwisha kukiandika tangu Jumatatu, kurasa mbili safi kabisa.

Asubuhi ya siku ya pili waandishi wanne wakamruka. Mmoja homa, wawili walipitiwa na usingizi, wa nne alisema tu hajisikii. Saa nne na nusu ilipogonga wifi alikuwa kwenye meza za chai koridoni, roho juu juu, anatafuta wa kuziba visanduku vya mchana. Akajipa moyo kwamba ya Chumba namba Tatu ataitazama kwenye video. Jioni akaambiwa kamera zilikuwa ukumbini na kwenye vyumba viwili vya kwanza tu.

Jioni hiyo nilikuwepo, na hapa nami nina langu la kujibu. Nilikuwa nashona pindo la pazia la mteja, pini mdomoni. Akaniuliza, kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshaamua, kama mtu akiandika muhtasari wake kwa mkono wake, si ndiyo hayohayo atakayoyasema. Nikaguna tu. Ningetoa pini mdomoni nikamwambia asithubutu, lakini pazia lilikuwa la kesho asubuhi. Akabadilisha kila penye "ataeleza" pakawa "alieleza", akapiga jina lake wino, akaituma.

Miezi kumi ikapita. Siku moja mchana, siku ya kazi, nikamwona anaingia dukani kwangu na kitambulisho cha chuo kingali shingoni. Akakaa kwenye kiti cha wateja, juu ya vitambaa vya watu. Akanipa simu nisome. Ilikuwa barua pepe iliyotumwa kwenye tovuti yao.

"Mimi ni mke wa aliyetoa mada Chumba namba Tatu. Mume wangu amefariki. Nina swali moja kwa aliyeandika makala. Mwishoni, je, aliomba mtu wa kuipokea programu yake? Mimi aliniambia aliomba. Makala haisemi. Nitashukuru kwa ukweli wowote utakaokuwa nao."

Nikaisoma mara mbili. Nikamuuliza wifi, aliomba? Akaniambia hajui. Hakuingia, si nilijua hakuingia? Nilijua.

Ile nyumba yetu ikawa na watu watatu tangu siku hiyo. Sisemi kwa kutia chumvi. Wifi alikuwa na kijitabu cha ratiba chenye picha za watoa mada, akakifungua kwenye ukurasa wa huyo bwana na hakukifunga tena. Picha ndogo, miwani, tabasamu la mtu asiyependa picha. Mimi jicho langu likaenda kwenye kola, ndiyo kazi yangu. Lilikuwa shati la mtu mwenye shingo nene, na shingo haikuwemo tena. Vidole viwili vingepita pale bila kugusa ngozi. Nikajua huyu mtu alipopigwa picha hii alikuwa mgonjwa.

Wifi akaanza kukatiza maneno katikati. Tunaongea mambo ya mboga na sabuni, mara ananyoosha kidole, ananiuliza kama nimesikia. Kusikia nini? Mtu anakohoa kidogo, ananijibu, kama anayetaka kuanza kuzungumza. Kule maktaba, kwenye rafu za mwisho za vitabu vya umeme, kila saa nne na nusu anamwona mtu amesimama na kikombe. Akienda hakuna mtu, kuna ngazi ya kupandia rafu. Aliihamisha ile ngazi. Mtu akabaki.

"Shida yangu unaijua, wifi?" aliniambia siku moja akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Sauti yake siijui. Kila mwanamume akisema nyuma yangu, nadhani ni yeye."

Jamani, mimi si mwoga, lakini tangu siku hiyo nikawa nawasha redio mchana kutwa. Nilikuwa nashona mgongo ukiwa ukutani.

Kazi yake nayo ikamkataa. Karatasi ya mwaka mpya ilibandikwa, na mwanzoni alikwenda kuwinda kama kawaida. Alimpata mtu, mtu akaitika, na badala ya kuandika jina haraka kabla hajabadili mawazo, wifi akamshika mkono. Una hakika utaingia? Utakaa hadi mwisho? Hata akimaliza mada, akisema jambo jingine, utakuwa bado umo? Akimkazia macho yale. Watu wakaanza kumkwepa koridoni. Mwezi mmoja kabla ya mkutano, visanduku sita ndivyo vilivyokuwa na majina, na kamati ikawa inaulizana pembeni kama Mama Visanduku amechoka.

Na barua ya mjane ilikuwa haijajibiwa. Wiki sita. Alikuwa anaandika jibu na kulifuta. Moja lilisema hakumbuki. Jingine lilisema huenda aliomba. Hilo la pili alifika hadi kutaka kulituma, ndipo uvumilivu ukanishinda. Nikazima cherehani nikamgeukia. Nikamwambia mwanamke mwenzio amekuuliza swali moja, la ndiyo au siyo, wewe unamzungusha wiki sita unamwandikia "huenda". Kama hujui, nyanyuka ukamtafute anayejua. Chumba hakikuwa kitupu. Nilipiga kelele hadi mteja aliyekuja nyumbani kufuata nguo yake akageuza mlangoni akaenda zake.

Kesho yake tukaenda wote wawili kwa fundi wa vipaza sauti wa pale chuoni. Ofisi yake ni stoo nyuma ya ukumbi, nyaya zimening'inia kwenye misumari, na kila waya una kibandiko chenye namba ya chumba. Mtu mzito wa maneno. Wifi alipomuuliza kama anamkumbuka mtoa mada wa Chumba namba Tatu, aliacha kukunja waya.

Akasema anamkumbuka sana. Watu walikuwa tisa, yeye wa kumi. Yule bwana aliwasha picha zake ukutani, akaonyesha ya kwanza, kisha akazima. Akasema haya yote yapo kwenye muhtasari, mtasoma. Yeye amekuja kusema jambo moja.

"Alisema, mimi ni mgonjwa, mwaka huu siumalizi," fundi akatueleza. "Akasema, nahitaji mtu mmoja. Sitaki kumi. Mmoja tu wa kuishika hii programu isife. Alilisema mara tatu, mama. Mara ya tatu alikuwa ameshika meza."

Kisha yule bwana akawaambia watu kwamba wakati wa chai atasimama nje ya mlango, anayetaka amfuate pale. Na alisimama. Fundi alikuwa anakusanya nyaya zake, akamwona kwa uwazi wa mlango nusu saa nzima, kikombe mkononi, chai imepoa. Watu walikwenda zao wakimpa pole.

Wifi akauliza ni mlango gani. Fundi akashangaa, akasema mlango si huo mmoja, unaotazamana na meza za chai. Alipokuwa amesimama wifi penyewe. Hatua kumi, kumi na mbili.

"Hakuna hata mmoja aliyemwendea?" wifi akauliza.

Fundi akakuna shingo. Akasema kulikuwa na binti mmoja wa sweta la kijani. Alibaki nyuma wenzake walipotoka, akamsogelea yule bwana, akawa amesimama pembeni yake anajikusanya, unajua mtu anavyotafuta pa kuanzia. "Halafu ukamwita wewe," akasema. "Ukamwambia, njoo mwanangu, wewe unaonekana huna kazi, nina kisanduku chako."

Nilikuwa nimemshika wifi mkono, nikausikia unakuwa mzito. Binti wa sweta la kijani tulimjua sote. Mwaka ule aliandika makala tano, ndiye mwandishi bora ambaye wifi alipata kumnasa, na nyumbani nilisimuliwa hadi nikachoka, jinsi alivyomwokota koridoni amesimama tu hana analolifanya. Wifi alikaa kwenye kreti la nyaya. Hakulia. Alikuwa anatazama mlango wa stoo kana kwamba ndiyo mlango wenyewe.

Njiani nikamwambia tumpigie yule binti, tumuulize alitaka kumwambia nini. Alinikatalia kabisa, na hapo ndipo nilipomjua wifi yangu kuliko miaka yote niliyokaa naye. Akasema binti ana miaka ishirini na mbili. Akijua, atakwenda nalo hadi lini? Hilo ni lake yeye wifi peke yake, halimgusi mtoto wa watu. Kwa mjane ndiko atakakokwenda, kwa miguu yake, amwambie kwa mdomo wake. Na huko, aliniambia, angalau atapeleka jambo jema: kwamba mumewe hakumdanganya. Nami nilikubaliana naye. Tulijua tunapeleka nafuu, Mungu atusamehe.

Wifi alimwandikia kuomba tumtembelee, akatuelekeza kwake, tukaenda Jumamosi asubuhi. Nyumba ilikuwa ya chini katika jengo la ghorofa nne, mlango umepakwa rangi upya. Tukapiga hodi. Mwenyewe akafungua, mwanamke wa makamo, nywele zimefungwa vizuri, akatukaribisha akisema, "Mko wawili, piteni." Macho yake yalikuwa yanatazama juu ya mabega yetu. Ndipo nikaelewa kwamba haoni. Ile programu, bwana yule aliianza kwa ajili ya mkewe.

Akatuletea maji mwenyewe, hakugonga kiti hata kimoja. Wifi aliketi ukingoni mwa kochi, mkoba umekumbatiwa. Tukampa pole, akapokea. Kisha akamuuliza wifi, kwa upole tu, ndiye aliyeandika?

Wifi akasema ndiye. Alikuwa amejifunza maneno njia nzima, yakamkauka. Mama wa watu akasema labda aisikilize tena makala ndipo akumbuke. Akaenda kwenye kompyuta iliyokuwa juu ya meza ya kujipambia, akabonyeza mara mbili tatu bila kupapasa.

Sauti ya mwanamume ikaanza kusoma. Sauti ya taratibu, ya kawaida, inameza kidogo mwisho wa maneno. Ilikuwa inasoma makala ya wifi. "Mtoa mada alieleza jinsi programu inavyounganisha silabi..." Wifi akanishika paja hadi nikakaribia kulia kwa maumivu.

Nikauliza mimi, maana yeye asingeweza, hiyo sauti ni ya nani.

"Yake," mjane akasema. "Alisoma maneno elfu sita. Ndani ya kabati lile la nguo, katikati ya magauni yangu, ili mwangwi usiingie. Miezi mitatu, kila siku akitoka kazini anaingia kabatini. Nilikuwa namcheka."

Sauti ikaendelea hadi mwisho. Haikuomba mtu. Ilishukuru wasikilizaji na kunyamaza.

Wifi akasema yote hapo. Hakujipamba, hilo namsifia. Alisema hakuingia chumbani, alikuwa nje anawinda waandishi, makala aliitunga kutokana na muhtasari. Alisema yule bwana alizima picha zake akaomba, mara tatu, mbele ya watu tisa, na fundi wa vipaza sauti ni shahidi. Alisema alisimama mlangoni nusu saa. Alisema na habari ya binti, bila kumtaja ni nani, na kwamba yeye ndiye aliyemwita akaondoka. Akasema, mume wako hakukudanganya, mama, mimi ndiye niliyedanganya.

Nilikuwa namtazama mjane usoni, nasubiri uso ulegee. Haukulegea. Aliuliza swali moja tu, alisemaje hasa, kwa maneno yake? Wifi akamwambia. Mjane akasogeza kiti, akamwelekeza wifi kwenye kompyuta kwa mkono. "Iandike," akasema. "Kama ilivyokuwa. Nataka kuisikia."

Wifi akaandika. Sijawahi kumwona akiandika polepole vile, yule mwanamke ambaye kwa kawaida vidole vyake huzidi cherehani yangu. Mistari kama kumi hivi. Mjane akabonyeza.

Ile sauti ikasoma. "Mwandishi wa makala haya hakuwemo chumbani. Waliokuwemo wanasema mtoa mada alizima picha zake, akasema: Mimi ni mgonjwa, mwaka huu siumalizi. Nahitaji mtu mmoja."

Mjane aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. Akakaa hivyo. Mimi nikadhani sasa ndiyo atalia, na akilia tutalia naye, halafu tutanyanyuka twende zetu tukiwa wepesi. Akaanza kusema badala yake, taratibu, kama anayesoma.

Akasema makala ya kwanza ilitoka siku ya tatu baada ya mkutano. Mumewe alikuwa hai, yuko chumba kile pale, kitandani. Alikuwa amerudi akamwambia nimeomba, sasa tusubiri, atajitokeza mtu. Yeye akafungua makala kwa furaha, ili asikie ombi lilivyoandikwa. Akaisikiliza hadi mwisho. Akaisikiliza tena. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa alikuwa anajua jinsi mumewe anavyoona haya kuomba, hata maji ya jirani haombi. Akajua ameona haya tena, na sasa anaficha.

"Nilibeba kompyuta nikaipeleka kitandani," akasema. "Nikamwekea sauti yote. Alijisikiliza mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, akitoa mada ambayo hakuitoa. Nikamwambia, haya, ombi liko wapi? Nikamwambia wewe ni mwongo, unakufa na kiburi chako."

Wifi akauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, yeye alisemaje.

"Akaniambia, basi labda sikusema."

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani. Mjane akasema mumewe aliishi siku kumi na moja baada ya hapo na hakulitaja tena jambo hilo. Akasema alichokuwa anakitaka kwetu, Mungu anamwona, ni kuambiwa kwamba mumewe hakuomba. Kwa hilo angeweza kuishi.

Hakutufukuza. Alisimama akatushukuru kwa kuja, akatutangulia hadi mlangoni, akatuambia tuangalie ngazi ya kwanza maana ina ufa. Mlango ukafungwa nyuma yetu, na hatukuweza kuondoka. Tulisimama pale kwenye ngazi, wanawake wawili wazima, kila mmoja anangoja mwenzake aanze kutembea.

Ndani sauti ikaanza upya. Tuliisikia vizuri, dirisha lilikuwa wazi. Mwandishi hakuwemo chumbani. Alizima picha zake. Nahitaji mtu mmoja. Kisha tukamsikia mwanamke, karibu kabisa na kompyuta, anamjibu.

"Nimesikia, mume wangu. Sema tena."

Na akabonyeza.